Kabla hujaigawa seva kubwa, jua kumbukumbu inakaa wapi

Vijana wanaojiunga nasi kwenye chumba cha seva hapa Kampala hutoka kila upande: Mbale, Arua, Goma, Kisumu. Usiku wa kazi, feni zikivuma pande zote, lugha inayotukusanya ni Kiswahili. Ndiyo maana nawaandikia kwa Kiswahili jambo ambalo mimi nililijua kwa kuumia.

Jambo lenyewe ni kuigawa seva kubwa. Sizungumzii patisheni za diski. Nazungumzia kuikata mashine moja yenye prosesa nyingi iwe kama mashine tatu au nne, kila moja na prosesa zake, kumbukumbu yake (RAM), kadi zake na mfumo endeshi wake, kiasi kwamba moja ikianguka jirani hana habari. Kila kipande cha namna hiyo ndicho tunachokiita patisheni. Mgeni akionyeshwa mashine ya prosesa 64 hukimbilia hesabu: mishahara 16, wateja 32, majaribio 16. Hesabu imetimia, lakini kasi bado, kwa sababu kinachoamua kasi ni umbali kati ya prosesa na kumbukumbu inayoitumia.

Chukueni Superdome, seva kubwa ya kampuni ya HP iliyotoka mwaka 2000. Ndani yake kuna bodi zinazoitwa seli. Katika toleo la kwanza kila seli ilibeba prosesa 4 pamoja na kumbukumbu yake yenyewe. Kabati moja huchukua seli 8. Makabati mawili yakiunganishwa unapata seli 16, ndizo prosesa 64. Seli nne nne huungana kwenye swichi moja ambayo mafundi huiita krosiba, na krosiba nazo zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo prosesa ikitaka data kuna safari za aina tatu: data iko kwenye seli yake, au kwa jirani wa krosiba ileile, au ng'ambo kwenye krosiba nyingine. Programu haioni tofauti yoyote, kwake kumbukumbu yote ni moja. Saa ndiyo inayoona.

Mtazame mkaangaji wa roleksi, ile chapati inayoviringishwa na mayai, pale Wandegeya wakati wa jioni. Mayai yako mkono wa kushoto, kabichi na nyanya zimekatwa mbele yake, chapati zimepangwa pembeni mwa jiko. Foleni ni ndefu na bado watu wanahudumiwa. Sasa nyanya zake zihamishie soko la Kalerwe, kila roleksi atume kijana akalete moja. Mikono ni ileile na jiko ni lilelile, ila foleni haitembei. Prosesa inayosubiri data ya mbali ndivyo inavyokaa, na ubaya ni kwamba ripoti ya matumizi itaonyesha iko bize, kwa kuwa muda wa kusubiri kumbukumbu huhesabiwa kama kazi. Mkubwa wako ataiona asilimia 95 na kusema tununue prosesa zaidi.

Kilichonipata ni hiki. Tulihitaji patisheni ya seli nne kwa ajili ya hifadhidata ya mishahara. Mimi nikachukua seli nne zilizokuwa wazi, tatu upande mmoja na ya nne krosiba nyingine. Tena ile ya nne ilikuwa na kumbukumbu mara mbili ya wenzake, nikaona ni bahati. Mwisho wa mwezi, kazi iliyozoea kuisha kabla ya usiku wa manane ilitukutanisha na alfajiri. Watu walikuwa wanasubiri mishahara yao kwenye simu, wengine na karo za watoto. Sijasahau asubuhi ile.

Kosa lilikuwa mara mbili. La kwanza ni umbali, nimeshaeleza. La pili ni ujanja zaidi. Mashine ikisambaza kumbukumbu kwa zamu kati ya seli, kipande hapa kipande pale, mzigo hugawanyika na hakuna seli inayoelemewa. Lakini zamu hiyo huenda sawasawa pale tu seli zote zina kiasi kilekile. Ile ziada ya seli ya nne haikuwa na wa kupokezana naye, ikabaki imekaa mahali pamoja, na kila aliyeitaka akapiga foleni kwenye mlango ule mmoja. Tulipohamisha chipu za kumbukumbu ili seli zote zilingane, na kuchukua seli nne za krosiba moja, mwezi uliofuata kazi ilirudi kwenye saa zake. Hatukuongeza prosesa hata moja.

Basi, mdogo wangu, kumbukumbu ilingane kwenye kila seli ya patisheni, na idadi ya seli ikiwezekana iwe 2, 4 au 8, kwa sababu zamu hupangika vizuri zaidi kwa hesabu hizo. Patisheni kubwa zipangie kwanza wakati krosiba nzima bado ziko wazi. Ndogo zitajipenyeza baadaye. Tukianza na ndogo, kubwa huishia kukaa vipande vipande kama familia iliyokosa nyumba moja.

Kuhusu kumbukumbu ya kusambazwa na ile ya seli yenyewe, msiamini anayesema moja ni bora siku zote. Hifadhidata yenye eneo moja kubwa linaloguswa na kila prosesa inafaa isambazwe. Programu nyingi ndogo zinazojitegemea, kila moja na data yake, zinafaidika zikikaa na kumbukumbu ya nyumbani. Kwenye HP-UX, mfumo endeshi wa HP, toleo la 11i v2 linakuruhusu kutenga sehemu ya kila seli kwa matumizi ya karibu. Anza na sehemu ndogo, pima, ndipo uongeze. Na ukishabadilisha patisheni kwa amri ya parmodify, zima kwa amri ya shutdown yenye herufi R kubwa. Ile r ndogo huwasha mashine upya bila kupanga seli upya, na nimeona watu wazima wakitafuta seli mpya saa nzima.

Kadi za mtandao na za diski nazo zina makao. Kila chesisi ya kadi imefungwa kwenye seli fulani, na patisheni isiyo na seli yenye kadi za msingi haiwaki kabisa. Angalia kwa amri ya parstatus kabla hujaahidi mtu yeyote tarehe.

Wengi wenu mtakutana zaidi na seva za Linux zenye prosesa mbili au nne. Msidhani habari hii imepita. Andika numactl --hardware uone jedwali la umbali: 10 ni nyumbani, namba inavyopanda ndivyo safari inavyorefuka. Kisha fuatilia amri ya numastat; numa_miss, yaani hesabu ya kumbukumbu iliyokosa kuwekwa upande ulioombwa, ikipanda haraka, kuna anayetumwa Kalerwe. Jueni pia kwamba Linux kwa kawaida huweka ukurasa wa kumbukumbu, yaani kipande chake kidogo, karibu na prosesa iliyougusa kwanza. Programu inayoandaa data yake yote kwa uzi mmoja (thread) mwanzoni hujikuta imerundika kila kitu upande mmoja, hata kama baadaye inafanya kazi kwa nyuzi 40. Ukitengeneza mashine pepe (virtual machine) juu ya seva hiyo, ipe prosesa na kumbukumbu za upande uleule.

Kabla ya kuomba muda wa kuzima mashine, chora kwenye karatasi: seli gani, krosiba gani, kumbukumbu kiasi gani, kadi ziko wapi. Pima kazi halisi ya mwisho wa mwezi kabla na baada, maana vipimo vya mchana mtulivu havionyeshi foleni. Kwetu mchoro huo umebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na kila anayehamisha seli huandika tarehe na jina lake pembeni kwa kalamu.