Maswali ya Waandishi: Masista Wenye Karama Nyuma ya Ukuta wa Dodoma

Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji wa safu hii wanaoandika hadithi za ajabu za mjini wanieleze wamekwama wapi. Barua nyingi zilizokuja zilihusu jambo moja: watawa wa kike wa maisha ya ndani, wenye nguvu zisizo za kawaida, wanaoishi katikati ya jiji letu bila kuonekana. Nimefurahi, kwa sababu ni mada yenye kina na haijachoshwa. Nimechagua maswali sita, na yale ambayo naona hadithi nyingi huharibikia hapo nimeyapa nafasi kubwa zaidi.

Shikamoo mwalimu. Masista wangu wanaishi nyuma ya ukuta huko Miyuji na hawatoki kamwe. Wenzangu wanasema hadithi imekwama kwa kuwa mhusika mkuu hawezi kwenda popote. Nimtoe nje? (Msomaji wa Area C)

Marahaba, mwanangu. Usimtoe. Ukuta ndio hadithi yenyewe, na ukiuvunja katika sura ya pili utabaki na msichana mwenye nguvu kama wengine wote tuliokwisha kuwasoma.

Kwanza jiulize ukuta huo uliwekwa na nani. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliagiza watawa wote wa kike wakae ndani ya monasteri zao, akamwachia njia yule tu mwenye ugonjwa ambao ungewahatarisha wenzake, na mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukalikazia agizo hilo. Huo ni ukuta wa kuwekewa. Lakini mwaka 1562 Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, aliiacha monasteri kubwa iliyojaa wageni na mazungumzo, akaanzisha nyumba ndogo ya watawa wachache waliotaka wenyewe kufungiwa ili wapate kusali. Huo ni ukuta wa kujichagulia. Masista wawili wanaweza kuishi ndani ya ukuta mmoja, kwa mmoja ukawa gereza na kwa mwingine ngome, na hapo tayari una mgogoro wa kukufikisha katikati ya kitabu.

Kuhusu mwendo wa matukio, acha jiji limfuate yeye. Nilipata kupeleka mayai katika monasteri ya namna hiyo nikiwa kijana. Ukutani palikuwa na kabati la mbao la duara linalozunguka, ambalo limetengenezwa ili anayeweka kitu asimwone anayepokea. Niliweka trei, nikasikia sauti ikisema, "Tumsifu Yesu Kristo," nikajibu, "Milele amina," kabati likazunguka kwa mlio mkavu wa mbao, na liliporudi lilikuwa na mfuko wa karatasi wenye vipande vya hostia, mikate myembamba ya misa, vilivyokatika pembeni, bado vina joto la chuma. Sikuona hata kidole. Fikiria ni vitu gani vya Dodoma vinaweza kuwekwa katika kabati hilo usiku wa manane: mtoto mchanga, simu inayoita, mkono wa mtu anayekimbia. Monasteri nyingi pia zimekuwa na masista wachache wa nje, wanaopokea wageni na kwenda sokoni kwa niaba ya wenzao. Mmoja wao anakutosha kwa safari zote za Majengo na Sabasaba.

Nguvu zao niziite uchawi? Sioni neno jingine. (Msomaji wa Kondoa)

Nakusihi usiziite hivyo, angalau si kwa kauli ya msimulizi. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu anayedhuru. Neno letu halina upande wa heri, na msomaji akikuta sista mchawi katika ukurasa wa kwanza ameshamhukumu. Mganga huponya, lakini huendewa kwa ada. Mazingaombwe ni ya jukwaani, na muujiza hutendwa na Mungu, kwa hiyo haumwachii mhusika wako uamuzi wowote. Neno linalokufaa ni karama. Hupewa mtu bila malipo, hutumika kwa ajili ya wengine, na ndilo neno ambalo Wakatoliki wetu hulitumia kwa kipawa mahususi cha kila shirika la kitawa. Mtu akisema "karama ya shirika letu", wa nje ataelewa kufundisha au kuuguza, na wa ndani ataelewa jambo jingine kabisa.

Ipo sababu nzito zaidi. Katika mikoa ya kati na ya Kanda ya Ziwa wameuawa vikongwe kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalifanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi kavu wakipikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Siwezi kuliandika neno hilo kwa wepesi. Waache majirani wa monasteri walitamke, na msomaji aone linavyopita kutoka kibarazani hadi kwa wenye mapanga.

Masista wangu wanapata nguvu kutoka kwenye pete ya kale. Aliyenisomea mswada anasema pete haitoshi. Kwa nini? (Msomaji wa Mpwapwa)

Kwa sababu pete huibwa, na ikishaibwa hadithi yako inageuka kuwa ya kumtafuta mwizi. Utajiri wako uko katika ratiba yao. Watawa hawa huzigawa saa zao kwa zaburi, na Zaburi ya 119 inataja kusifu mara saba kwa siku na kuamka katikati ya usiku kushukuru. Sasa fanya nguvu itokane na uaminifu huo, isiweze kuwekwa akiba, na kila kipindi kinachokosekana kidaiwe mahali fulani.

Kidaiwe wapi? Katika maji, maana hapa ni Dodoma. Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, nayo huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba. Mara nyingi hukatika Februari, uwele ukiwa umesimama shambani unaisubiri. Tarehe 10 Februari ni sikukuu ya Mtakatifu Skolastika, mtawa wa karne ya 6 na dada yake Benedikto, yule aliyewaandikia watawa kanuni. Papa Gregori Mkuu anasimulia kwamba ndugu hao walikutana mara moja kwa mwaka, na katika kukutana kwao kwa mwisho Skolastika alimwomba kaka yake abaki wazungumze hadi asubuhi. Benedikto akakataa kwa sababu kanuni haikumruhusu kulala nje ya monasteri. Dada akaiweka mikono juu ya meza, akainamisha kichwa juu yake na kusali, na alipokiinua ilikuwa imeshuka mvua ya radi ambayo haikumruhusu kaka yake kuvuka kizingiti. Alipolalamika, dada akamjibu kwamba alimwomba yeye akakataa, akamwomba Mungu akasikia. Siku tatu baadaye Skolastika akafariki. Mtawa wa kike anaishusha mvua, anamshinda kwayo mwanamume aliyeshika kanuni, na muda wake unakwisha. Sijui mwandishi anahitaji nini zaidi ya hapo.

Ukiyaunganisha hayo na Ugogo, fanya kwa heshima. Mtemi wa Wagogo ndiye aliyeshika mawe ya mvua, yaani ya kuiombea nchi mvua. Na waliofanya utafiti huku mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliandika kuhusu wanawake ambao, ng'ombe walipopatwa na maradhi, walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki, wakachunga wao, kisha wakacheza kwa nguvu mpaka kwenye mpaka wa magharibi wa nchi yao na kulitupa balaa huko. Wanawake wa nchi hii walikuwa na kazi ya kuitakasa kabla monasteri yako haijawekwa jiwe la msingi. Mama Mkuu wako anapaswa kulijua hilo, na mwenye mawe ya mvua anapaswa kuwa na neno la kumwambia. Halafu visima virefu vya Makutupora, vilivyolinywesha jiji kwa miaka mingi, vikianza kushuka kwa sababu novisi mmoja, mtawa aliye bado mafunzoni, alipitiwa na usingizi saa tisa usiku, msomaji atajua hasa nini kimepotea.

Monasteri niiweke juu ya Mlimwa? (Msomaji wa Kisasa)

Kila mtu anaiweka mlimani. Iweke tambarare, ndani ya shamba la zabibu linalovunwa mara mbili kwa mwaka, mahali ambapo palikuwa pori uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipofanywa mwaka 1973, na ambapo tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016 pamezungukwa na maghorofa. Mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu, iliyovunjwa mwaka 2017, ilikuwa ikitoa hati za ardhi za miaka 33. Hati iliyotolewa mwaka 1985 ingefikia ukomo mwaka 2018, mwaka uleule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji. Mpima ardhi anayeikuta bikoni yake, alama ya mpaka wa kiwanja, imeng'olewa kila alfajiri, na udongo umerudishiwa vizuri, ni mhusika ambaye ningemfuata hadi mwisho.

Mimi ni Mwislamu. Nina haki ya kuandika habari za masista? (Msomaji wa Chang'ombe)

Unayo, ndugu yangu. Anayeamka kwa ajili ya Alfajiri anaijua baridi ya maji ya saa kumi na moja na uzito wa kuacha blanketi kuliko mwandishi Mkristo anayelala hadi saa mbili. Jifunze majina ya sala zao kwa usahihi na umpe muumini mwenzako nafasi jirani na ukuta huo. Dodoma adhana na kengele zinasikilizana.

Maneno yao ya nguvu yawe ya Kilatini? Kinasikika cha siri. (Msomaji wa Mvumi)

Kilikuwa lugha yao ya sala. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za wenyeji kwa hati ya tarehe 4 Desemba 1963, na leo sista wa Tanzania husali Masifu, zile sala zao za saa, kwa Kiswahili. Mwachie bibi mmoja aliyeingia utawani zamani ajue Kilatini, na wenzake wamcheleweshee kifo kwa sababu hiyo.

Lakini siri unayoitafuta unayo hapo ulipo. Wagogo huimba kwa sauti zinazopandana. Mmoja huanzisha, wa pili humdakia juu, wengine huingia kila mmoja kwa njia yake, hata usijue wimbo uko kwa nani. Na muheme ni ngoma ya wanawake, hupigwa ikiwa imebanwa katikati ya mapaja, ngozi ikiwa imepashwa moto ili ikaze. Mpe novisi wako wa Mvumi nafasi ya kuanzisha zaburi usiku ule wa Februari, wa sikukuu ya Skolastika. Aianze peke yake kwa sauti ya chini, na kabla mtu yeyote katika chumba cha sala hajamdakia, ajibiwe kutoka chini ya sakafu.