Mbegu za jeraniamu ya kudumu hapa Mwanza: yaliyonikuta Bwiru

Mkuu, umeuliza kama mbegu za jeraniamu aina ya Rozanne ulizoagiza mtandaoni zitakubali Buhongwa, zikuvutie nyuki kwenye matikiti. Pole, umepigwa. Rozanne haitoi mbegu. Ni mmea chotara, tasa, ulioonekana kwenye bustani ya mtu na mkewe huko Somerset, Uingereza, ukaingia sokoni mwaka 2000. Huzalishwa kwa kugawa shina au kwa vipandikizi. Hicho kipakiti kina kitu kingine.

Hata ungeupata wenyewe, sikushauri. Mwaka 2021 shemeji aliniletea mbegu za jeraniamu ya bluu inayojiotea kwenye malisho ya Uingereza. Ganda lake gumu, nikazisugua kwa msasa. Kati ya 30 zikaota 11. Masika ilipokolea, nane zikaoza mizizi. Tatu zikakaa miaka miwili zikinipa majani tu (mazuri, sikatai), ua hata la dawa sikuona. Ile hungoja miezi ya baridi kali ndipo ichanue. Sisi Julai usiku ukipoa sana ni nyuzi 15 hivi, halafu haya mawe yetu yanatunza joto la mchana mpaka watu wanalala. Jeraniamu za asili Tanzania zipo, lakini zimejichagulia miinuko ya baridi kama Kilimanjaro.

Sasa angalia, wauza miche wa barabarani watakwambia "jeraniamu ninayo." Hiyo ni pelagoniamu, asili yake Afrika Kusini. Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliziweka kundi moja mwaka 1753, zikatenganishwa 1789, jina likagoma kutoka. Tazama ua: jeraniamu petali zote tano zinafanana, pelagoniamu mbili za juu hutofautiana na tatu za chini. Jua letu inaliweza, mama mkwe anayo kibarazani mwaka wa sita. Ila mbochi wake (maji matamu ya ua) umejificha kwenye mrija mwembamba ulioshikana na kikonyo, na ulimi wa nyuki ni mfupi. Nimekunywa chai pembeni yake asubuhi nyingi. Nyuki wanapita kama hawaioni.

Kilichonisaidia mimi ni kivumbasha, hikihiki cha kufukuzia mbu. Kikichanua, saa moja asubuhi kinavuma. Kipande mapema, kiwe na maua kabla ya matikiti, kwa sababu ua la tikiti hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyohiyo. Nyuki akichelewa, tunda limekwenda. Kwenye uzio nina mbaazi, wanazipenda wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Nimewaachia gogo kavu la mwembe ili waache kenchi za nyumba, na kwa kiasi fulani wamenielewa. Kwenye mawe, shubiri: ndege aina ya chozi hawabanduki.

Kama shamba lako ni luseni (udongo wa kichanga) kama langu, weka samadi ya kutosha, maji hayakai. Dawa ya wadudu, ukilazimika, piga jioni nyuki wakisharudi mzingani. Mwaka juzi nilimwachia kijana kazi hiyo, akapiga saa tatu asubuhi, na msimu ule nilivuna matikiti manne.

Miche ya kivumbasha ninayo mingi. Ukipita Bwiru njoo na ndoo.