Mpilipili wa nyuma ya jiko

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Alhamdulillahi, huku hatujambo. Machungwa yameiva mpaka yanaoza chini ya miti, bei ndiyo hiyo unayoijua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mjukuu wangu ameambiwa shuleni huko Australia achague Mwaustralia mmoja mashuhuri, avae kama yeye, asimame mbele ya wenzake amweleze. Majina aliyokuja nayo ni manne: Bradman, Florey, Cathy Freeman na Barry Marshall. Nawe unataka mimi niseme yupi ni mkubwa kuwapita wenzake, eti kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Haya. Ila mwalimu mstaafu ukimuuliza moja hukujibu jingine, na hilo hukulijua leo.

Bradman sina la kusema juu yake. Kriketi haijawahi kuniingia kichwani. Mjomba wako, alipokuwa akifanya kazi na Wahindi kule Tanga mjini, ndiye aliyetuhadithia kwamba mwaka 1948 yule bwana alihitaji mikimbio 4 tu katika mechi yake ya mwisho ya kimataifa ili wastani wake ufike 100, akatolewa bila kupata hata mmoja. Ukabaki 99.94. Namba hiyo niliwahi kuiandika ubaoni kufundishia desimali.

Florey yeye ni mtu wa Adelaide aliyekwenda kufanya kazi Oxford. Fleming, daktari wa London, aliuona ule ukungu wenye penisilini mwaka 1928, lakini aliyekusanya wenzake wakaugeuza kuwa dawa ya kumchoma mtu ni Florey. Mgonjwa wao wa kwanza, mwaka 1941, alikuwa askari polisi. Akapata nafuu, dawa ikaisha, wakawa wanakusanya mkojo wake waichuje penisilini iliyomo wamrudishie, na bado haikutosha. Akafa. Zile sindano ulizokuwa ukizikimbia mpaka tukutoe uvunguni zilianzia hapo.

Na Cathy Freeman tulimwona pamoja kwenye televisheni ya jirani, Olimpiki ya Sydney, Septemba 2000, mita 400, amevaa lile vazi lililomfunika mpaka kichwani. Alishinda halafu akakaa chini uwanjani kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Baadaye akazunguka na bendera mbili, ya nchi yake na ya watu wake wa asili. Nililia, na wewe ukanicheka.

Lakini huyo wa nne, Marshall, daktari wa vidonda vya tumbo. Ulipolitaja jina lake nilisimamisha ile sauti, nikaenda nikakaa barazani.

Wewe ulizaliwa ukalikuta tumbo la baba yako ndani ya nyumba kama mtu wa pili. Tulioana mwaka 1981. Mwaka 1984 likaanza. Alikuwa karani wa mizani kule shamba la mkonge, na mfuko wake wa shati ulikuwa hautoki kopo la vile vidonge vyeupe vya kutafuna, akitembea vinalia kama njuga. Pembe za mdomo wake zilikuwa nyeupe kama za mtoto aliyelamba chaki. Saa nane za usiku namsikia anaamka, anatafuta kipande cha mkate na maziwa, kwa sababu akila maumivu yanatulia, akikaa na njaa yanarudi. Ramadhani ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Anafunga siku tatu, ya nne anajikunja. Mtu mzima, mtoto wa shehe, anakula mchana amejificha chumbani, na mimi nimekaa mlangoni nisimruhusu mtu kuingia.

Kila alikokwenda aliambiwa maneno mawili: punguza pilipili, punguza mawazo. Sasa nikuulize, pilipili ndani ya nyumba anaipika nani? Na mawazo mwanamume anapewa na nani?

Shangazi yako hakuzunguka. Alisema mbele ya watu, siku ya arubaini ya babu yako, "Kaka yangu hakuwa na tumbo kabla ya kuoa." Halafu akaenda nyuma ya jiko, akaushika mpilipili wangu kwa mikono miwili akaung'oa, mizizi na udongo wake, akautupa jalalani. Mwaka 1986, wewe ukiwa tumboni mwangu. Baba yako alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alitazama kikombe chake.

Miaka kumi na miwili nimepika mchuzi wa kuchemsha. Mnakumbuka mlivyokuwa mkilalamika. Nilikuwa najiuliza usiku: au kweli ni mimi? Nilinyamaza nilipoudhika, nisimpe mawazo. Nilificha karo za shule zilizodaiwa, nisimpe mawazo. Yeye akawa anasema, "Mama, mimi sina mawazo, mimi nina tumbo." Hakuna aliyemsikia, na mimi nikiwemo. Ndiyo maana nasema kila siku, na mtanichoka: mgonjwa hasemi uongo kuhusu tumbo lake.

Sasa tazama huko kwako mambo yalivyokuwa yanakwenda. Katika hospitali ya Royal Perth, hiyo ambayo umesema basi lako hupita karibu nayo, kulikuwa na daktari mpole anaitwa Robin Warren. Kazi yake ilikuwa kukaa na hadubini, akiangalia vipande vya nyama vilivyotolewa kwenye matumbo ya wagonjwa. Juni 1979, siku alipotimiza miaka 42, akaona vijidudu vilivyopinda. Wakubwa wote walifundishwa kwamba ndani ya tumbo hakiishi kitu, ile asidi inaua kila kiingiacho. Yeye akasema ninaviona. Wakamwona anajisumbua. Aliyemtia moyo ni mkewe, na mkewe alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari wa mawazo, mwanangu! Huyo ndiye aliyeamini kwamba si mawazo.

Mwaka 1981 akajiunga naye Marshall, kijana wa miaka 29 kutoka Kalgoorlie kwenye migodi ya dhahabu. Wakajaribu kuviotesha vijidudu, havioti, maana walikuwa wakivitupa baada ya siku mbili. Mpaka Pasaka ya 1982, watu wako likizo, maabara ina kazi nyingi, vyombo vikasahauliwa siku tano au sita. Waliporudi, vimeota. Kitu nilichokipenda katika habari hii yote ni hicho.

Hata hivyo hawakuaminiwa. Mwaka 1983 Marshall alipeleka muhtasari wa kazi yake kwenye mkutano wa madaktari wa tumbo wa nchi yake mwenyewe, ukakataliwa. Akajaribu kuwaambukiza wanyama wa maabara, ikashindikana. Basi mwaka 1984 akapimwa kwa kamera, tumbo likaonekana zima, kisha akachanganya vijidudu vya mgonjwa kwenye kimiminika akanywa. Baada ya siku chache kichefuchefu, kutapika, pumzi inanuka mpaka nyumbani wakaona. Wakampima tena: tumbo limevimba ndani na vijidudu vimejaa. Kidonda hakupata, hilo mjukuu wangu aliseme sawasawa asije akakosolewa. Alipata uvimbe ambao ndio mlango wa vidonda.

Na hakumwambia mkewe! Hapo mimi na yeye tunagombana. Mwanamume ana mke na watoto, anakunywa ugonjwa kama anakunywa togwa, halafu anarudi kulala kitanda kimoja na mwenzake. Angekuwa mume wangu angelala barazani. Lakini tena najiambia, angemwambia, mke angekataa, na baba yako angeendelea kutafuna chaki mpaka anaingia kaburini. Sijui. Nikimfikiria mkewe namkasirikia, nikimfikiria baba yako namwombea dua.

Maana mwaka huohuo wa 1984, Marshall akiwa anatapika Australia, baba yako alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuamka usiku. Na dawa ilimfika mwaka 1998. Daktari mmoja kijana, wa kuhamahama, alimsikiliza, akamwandikia aina mbili za dawa za kuua vijidudu na moja ya kupunguza asidi, wiki mbili. Wiki mbili tu, mwanangu. Kopo la vidonge vyeupe likahamia dirishani, likawa la kuwekea sindano za kushonea. Ramadhani iliyofuata alifunga yote thelathini, na jioni ya Idi alivaa kanzu akapita mtaa mzima kusalimia watu, hata wale asiowapenda.

Siwalaumu waganga wa zamani. Walisema walichofundishwa. Tena si kila kidonda kinatokana na vijidudu, dawa za maumivu nazo huchimba tumbo, na karibu nusu ya watu duniani wanavyo hivyo vijidudu, wengi wao bila kuumwa. Pilipili nayo humchoma mwenye kidonda, sikatai. Lakini kumchoma ni jambo moja na kumtoboa ni jingine. Na mgonjwa hasemi uongo kuhusu tumbo lake.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuwepo, ulikuwa chuoni. Oktoba 2005, tunasubiri mwezi wa Ramadhani uandame, redio iko wazi. Shangazi yako alikuwa amekuja kufunga kwetu. Habari zikasema: Warren na Marshall wa Australia wamepewa Tuzo ya Nobel, kwa kuonyesha kwamba vidonda vya tumbo huletwa na bakteria, si kama watu walivyodhani, kwamba ni mawazo na vyakula. Niliinuka nikaongeza sauti. Ikasikika mpaka kwa jirani. Shangazi yako akatikisa kichwa, akasema, "Wazungu kwa kugundua mambo hawajambo," kisha akanipa kikombe niongeze sukari.

Ni hivyo tu. Nilimwongezea.

Baba yako alikuwa kwenye mkeka uleule. Safari hii hakutazama kikombe, alinitazama mimi. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na mche wa mpilipili kwenye kopo la maziwa, akauchimbia shimo mwenyewe nyuma ya jiko, mahali palepale. Mpaka Mungu alipomchukua, na si kwa tumbo, hatukulizungumza jambo lile. Mara nyingine nasema alikuwa ameomba radhi. Mara nyingine nasema mdomo alikuwa nao.

Basi umeuliza nani mkubwa. Mimi simchagulii mtoto, asije akasema bibi alinilazimisha. Freeman anafaa, ana mbio na mtoto ana miguu. Ila ukiona anasitasita, umwambie koti jeupe ni rahisi kushona kuliko lile vazi la Freeman, na kwenye glasi mtie chai ya maziwa iliyopoa, ina rangi inayofanana na uchafu. Na huyo Warren asiachwe. Picha ya miwani na tai tu inatosha, mwenzake amshike mkono.

Shangazi yako yuko hapa tangu Ijumaa, magoti yanamsumbua. Ameniuliza ninaandika nini kirefu hivi, nikamwambia ni mambo ya shule ya mjukuu. Sasa hivi yuko nyuma ya jiko, anachuma pilipili za kachumbari.

Mama yako