John Woo: kazi yake bora ni ile iliyofanya banda zima lidai kurudishiwa hela

Wakuu, uzi huu nimeusoma tangu jana usiku na nimejizuia kwa shida. Mleta mada ameuliza swali fupi tu: kazi bora kuliko zote ya John Woo, yule mwongozaji wa sinema za risasi wa Hong Kong, ni ipi? Mpaka sasa Face/Off inaongoza, Hard Boiled inaifuata kwa karibu, wachache wameitaja The Killer, na kuna mkuu mmoja ameitupia Mission: Impossible 2 akaondoka bila kuaga. Bullet in the Head imetajwa mara moja, na aliyeitaja akajibiwa, "Ile ya kulialia?" Basi mimi niko upande wa ile ya kulialia.

Nianze na wapi nilipoyajulia haya mambo. Kati ya 1993 na 1997 nilikuwa mshika deki ya video kwenye kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, Ngamiani, Tanga. Nilianza nikiwa na miaka kumi na minne. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea hela mlangoni, kuweka mkanda, kuurudisha nyuma ukiisha, na chenga zikizidi kufungua deki na kufuta hedi kwa spiriti. Mshahara wangu ulikuwa kuangalia bure. Kwa hiyo nikisema The Killer nimeiona mara arobaini, wala sitii chumvi, pengine napunguza.

Mikanda ile ilikuwa na maandishi chini ya picha, Kichina na Kiingereza pamoja, herufi nyeupe. Tatizo ni kwamba stelingi, yaani mhusika mkuu, wa John Woo anapenda shati jeupe au suti nyeupe. Akisogea karibu na kamera, maneno yote yanapotelea kifuani kwake. Na hata yakionekana, banda zima waliojua Kiingereza hawakuzidi wawili, na wote wawili walikuwa waongo. Tulijifunza kusoma nyuso. Nadhani ndiyo maana nina msimamo nilio nao, kwa sababu ukimwondolea John Woo maneno na ukazoea milio ya risasi, kinachobaki ni watu wawili wanatazamana.

Sasa, banda lilikuwa na katiba ya kifungu kimoja: stelingi hafi. Atapigwa, atazama, atatupwa na gari bondeni, lakini hafi. Ukiona amekufa ujue bado, subiri.

Halafu ikaja A Better Tomorrow, ya 1986. Mnaoijua mnajua. Chow Yun-fat, ambaye wakati ule watu wa sinema Hong Kong walimwona ni mtu wa runinga anayeleta hasara, anapewa nafasi ya Mark, ambaye hata siyo mhusika mkuu kwenye karatasi. Anaondoka na picha nzima. Kuna pale anapoingia mkahawani kulipiza kisasi. Anapita koridoni kamkumbatia dada mmoja, anacheka, na huku anachomeka bastola kwenye vyungu vya maua, kimoja baada ya kingine. Mara ya kwanza hatukuelewa anafanya nini. Akishamaliza kazi ndani, anarudi kinyumenyume kwenye korido ileile, bastola ikiisha risasi anaitupa na kuchukua inayofuata chunguni. Banda lililipuka. Mtu aliyepanga safari ya kurudi kabla ya kwenda! Baada ya hapo anapigwa risasi mguuni, na tukio linalofuata tunamwona kilema, anaosha magari ya wale aliowafanyia kazi, anakula wali wa kwenye boksi amekaa gereji. Hakuna aliyecheka.

Vijana wa Hong Kong walinunua makoti marefu kama ya Mark, pamoja na joto lao. Ngamiani tulikuwa na jamaa aliyetembea na koti la mvua mwezi wa pili, njiti ya kiberiti mdomoni, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndala.

Mwishoni Mark anakufa. Fujo iliyotokea usiku ule mimi nilijificha nyuma ya meza ya deki. Ndipo baadaye ukaletwa mkanda wa pili, wa 1987, na ndani yake yumo Chow Yun-fat tena, eti ni pacha wa Mark anaitwa Ken. Wakosoaji wameicheka sana hiyo. Sisi hatukuona kichekesho chochote. Wazee wa benchi la mbele walisema kwa sauti ya watu walioshinda kesi: "Si tuliwaambia hafi?"

Hard Boiled nitaipitia haraka, si kwa dharau, bali kwa sababu wengi mmeshaieleza vizuri. Ya 1992, ya mwisho kabla hajahamia Marekani. Kama swali lingekuwa picha gani ya mapigano imetengenezwa kwa ufundi kuliko zote, ningefunga mjadala. Ule mkahawa wa chai ya asubuhi wenye vizimba vya ndege, Chow Yun-fat anateleza juu ya mkono wa ngazi na bastola mbili, kisha uso wake umejaa unga, mweupe kama mzimu, anampiga mtu risasi na damu inamrukia kwenye ule weupe. Na kule hospitali kuna kipande cha zaidi ya dakika mbili na nusu ambacho kamera haikatwi hata mara moja: Chow Yun-fat na mwigizaji mwenzake Tony Leung wanapigana ghorofa moja, wanaingia kwenye lifti, mlango unafunguka ghorofa nyingine, wanaendelea. Ile ghorofa nyingine ni ileile. Wakati wawili hao wanaongea ndani ya lifti, mafundi nje wanakimbia kufagia vioo na kubadilisha mandhari. Nilipolijua hilo nikaelewa kwa nini sura ya Tony Leung mle ndani ina wasiwasi wa kweli.

Lakini niwaulize: ukimaliza Hard Boiled unabaki na nini? Mimi nabaki na yule mtoto mchanga anayemkojolea Chow Yun-fat suruali inayowaka moto na kuuzima. Banda lilicheka dakika tano. Nzuri, tena sana, lakini nikatoka nikaenda kula chipsi.

Za Marekani: Hard Target ya 1993 alimpata Van Damme na wenye studio wasiomwamini, wakamweka mwongozaji mwingine, Sam Raimi, pembeni awe tayari kushika usukani mambo yakienda mrama, kisha picha ikakatwakatwa ili ipewe daraja la kuonyeshwa kwa watu wengi zaidi. Broken Arrow ni biashara. Face/Off ya 1997, hapo nakubaliana nanyi, ndiyo mara pekee kule Hollywood alipoachiwa awe yeye. Travolta na Cage kubadilishana nyuso ni hadithi ya John Woo tangu zamani, polisi na jambazi ambao ni mtu mmoja aliyekatwa vipande viwili, sema safari hii wamekatwa kwa kisu cha daktari. Yule mtoto aliyewekewa vipokea sauti masikioni anasikiliza wimbo wa upinde wa mvua huku watu wanauana pembeni yake, hakuna mwongozaji mwingine wa picha za risasi ambaye angethubutu. Mission: Impossible 2, mkuu uliyeitaja, nywele za Tom Cruise zilikuwa nzuri.

The Killer, ya 1989, ndiyo iliyonisumbua kwa miaka. Ilikuwa namba moja yangu mpaka nilipofika umri wa utu uzima. Muuaji wa kukodiwa anamharibu macho mwimbaji wa klabu kwa bahati mbaya, kisha anatafuta hela za kumtibu. Mnakumbuka sebuleni kwa yule dada? Polisi na muuaji wameelekezeana bastola usoni, hatua moja kati yao, na dada asiyeona anawaletea chai. Wanalazimika kujifanya marafiki wa utotoni, wanataniana kwa sauti za furaha, wanazunguka wakikwepa kumgusa, na mitutu haijashuka. Hilo hatukuhitaji maandishi. Kila aliyewahi kugombana na ndugu mbele ya mama yake analielewa.

Sasa nije kwenye yangu. Ambaye hajaiona aruke, nitamwaga kila kitu.

Bullet in the Head ilitoka 1990 na ilianguka sokoni. John Woo alizaliwa Guangzhou 1946, familia ikakimbilia Hong Kong, wakaishi kwenye vibanda vya Shek Kip Mei, na moto wa Krismasi ya 1953 ukawaacha bila makazi pamoja na maelfu ya wengine. Alikulia kati ya magenge na kanisa. Picha nyingine zote anatuonyesha magenge yaliyopigwa pasi. Hii anaturudisha mtaani kwake mwenyewe: vijana watatu maskini, Ben, Frank na Paul, wanashindana kwa baiskeli, Hong Kong ya 1967 yenye maandamano na mabomu. Frank anakopa hela kwa ajili ya sherehe ya harusi ya Ben, anapasuliwa kichwa na chupa njiani akizileta, wanalipiza, mtu anakufa, wanakimbilia Saigon kwenye vita wakidhani watapata utajiri. Wanapata. Sanduku la dhahabu.

Kuanzia hapo hakuna tena koti refu wala njiti mdomoni. Wanatekwa, wanalazimishwa kuwapiga risasi mateka wenzao huku walinzi wanacheka. Kamera inakaa kwenye uso wa Jacky Cheung, anayecheza Frank, anatetemeka, analia, anacheka, bastola mkononi. Wakati wa kutoroka Frank amejeruhiwa na anapiga kelele kwa maumivu. Maadui wako karibu. Paul, rafiki yake tangu utotoni, ana sanduku la dhahabu kwa mkono mmoja. Anamziba mdomo. Halafu anampiga risasi ya kichwa.

Na Frank hafi, wakuu. Katiba ya banda imetimia, lakini kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Risasi inabaki ndani ya fuvu. Tunamkuta baadaye Saigon, mateja wanamwogopa, anaua watu kwa malipo ili apate dawa za kutuliza kichwa. Katika picha zote za John Woo risasi zinatoka tu, mamia kwa mamia, bure kama maji ya mvua. Hii moja ameihesabu, akaifuata mpaka ilikofikia, akatuonyesha inavyouma kila siku.

Usiku tulioiweka, katikati ya picha benchi la nyuma lilianza kunung'unika. Stelingi analia nini? Baada ya saa moja na nusu wakataka hela zao. Mwenye banda akaniambia nitoe mkanda niweke wa ngumi. Nikautoa. Mwisho wake nilikuja kuuona peke yangu siku ya pili asubuhi, sauti nimeipunguza, mama ntilie jirani anachambua mchele mlangoni.

Mnisamehe kwa kuchepuka kidogo. Mwaka 1999 mimi na wenzangu wawili wa mtaa tulichanga tukanunua deki yetu na runinga ya inchi 21, tufungue banda letu wenyewe. Mmoja wetu akalazwa na malaria wiki mbili. Mimi nilikuwa Korogwe msibani. Tuliporudi, yule wa tatu alikuwa ameshauza kila kitu na kupanda basi kwenda Dar. Nilimchukia miaka kumi na miwili. Nilikuwa nikimfikiria kama adui wa kwenye mikanda, yule mwenye kicheko na sigara nene.

Nikaja kuiona tena Bullet in the Head kwenye DVD, safari hii maandishi yanasomeka. Nikamwangalia Paul. Kabla hajafyatua, Waise Lee, anayemcheza, anamtazama Frank kwa muda ambao ni mrefu mno kwa mtu katili. Anaogopa. Ana dhahabu, ana maadui, ana rafiki anayepiga kelele, na anataka tu kelele ziishe. Nikajikuta namfikiria yule wetu akiwa stendi na begi lake la hela, na nikataka kujua alikuwa na sura gani. Hard Boiled haijawahi kunipeleka huko, na sidhani Face/Off itawahi.

Kwa kijana aliyesema picha za zamani zinaenda polepole: anza na Hard Boiled, kisha The Killer, hii iwe ya mwisho, na usiiweke watoto wakiwepo.

Bado kuna ubishi wa mwisho wake, maana iko miwili. Frank anapokufa hatimaye, Ben anarudi Hong Kong na fuvu lake na kulipeleka kwa Paul, ambaye sasa ni bosi amevaa suti kwenye kikao cha kampuni. Katika toleo moja mambo yanaishia palepale mezani, mbele ya wajumbe waliokaa na kalamu zao. Katika jingine wanatoka, wanagongana kwa magari bandarini, moto na vioo, palepale walipokuwa wakishindana kwa baiskeli. Mimi ni wa mezani. Yule jamaa aliyeuza deki yetu, tunaongea siku hizi, anasema bila magari ungekuwa wizi wa hela ya kiingilio. Tumebishana kwa simu juzi mpaka salio langu likaisha, naye hakupiga.