Mkanda umeagizwa, wanamieleka wako wapi?

SWALI: Ninaendesha maonyesho madogo ya mieleka hapa Kayole. Nina wasichana wawili na nataka kuanzisha kitengo cha wanawake. Mkanda wa ubingwa nimeshaagiza. Kuna mkufunzi anayesema atawaivisha kwa wiki tatu, maana mechi hupangwa. Je, wawili watatosha? – Promota, Kayole

JIBU: Hawatoshi, ndugu yangu. Wawili wana pambano moja tu, na likirudiwa mara ya tatu watu watashika simu zao. Wanne wanakupa majozi 6, sita wanakupa 15, na mmoja akiumia ratiba haifi. Mkanda uweke kabatini kwanza.

Huyo wa wiki tatu ndiye anayenichemsha damu. Eti mechi hupangwa! Kinachopangwa ni mshindi. Turubai la ulingo halina habari hizo, na chini yake kuna mbao na vyuma. Anayeanguka chali anakunja kidevu kifuani, anatoa pumzi na kupiga turubai kwa mikono yote miwili, mgongo wa juu ukipokea uzito. Akisahau kidevu, kisogo kinagonga na ubongo unatikisika. Hilo hurudiwa mamia ya mara hadi mwili ulifanye wenyewe, ndipo msichana aruhusiwe kumbeba mwenzake. Kuruka kutoka kamba ya juu kusubiri, hata kama video yake ingependeza.

Wengine husema mashabiki hawana subira na mechi za wanawake. Februari 2015, WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, iliwapa wanawake wanne kama nusu dakika tu kwenye kipindi chake cha Raw, na mashabiki ndio waliokuja juu mtandaoni. Aprili 2019, Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey wakapewa pambano la mwisho, ndilo kuu, la WrestleMania, onyesho lake kubwa la mwaka. Lynch alianza kujifunza kwao Ireland mwaka 2002, akiwa na miaka 15. Hesabu mwenyewe hizo ni wiki ngapi.

Nanyi akina dada wa Nairobi mnaotafuta pa kujifunzia: anayetaka picha na ada ya usajili kabla hamjaona ulingo, mkimbieni. Cheti chake cha kujichapishia huko mtaani kisiwababaishe. Mwambieni aanguke chali mara kumi mfululizo mbele yenu, kisha aonyeshe bima itakayolipa hospitali mmoja wenu akiumia.