Shangazi, yule dogo wa meza ya pool nimpe ngapi?

Mwezi huu nimepokea meseji nyingi za jambo moja, ela ya asante. Wengine mnaiita bakshishi, wengine tipu, wengine ya soda, wengine ya maji, ni ileile. Nimechagua tano nizijibu hapa, na nimejibu kwa kirefu pale nilipoona pana shida kwelikweli.

"Si analipwa na mwenye meza?"

Shikamoo Shangazi. Mi nacheza pool karibu kila siku nikitoka kazini hapa Sinza, gemu ni mia tano, anayefungwa ndo anaweka. Kuna dogo anakaa na ile meza, anauza tokeni, anapanga mipira, mvua ikinyesha anafuta kitambaa maana bati linavuja, na foleni ya majina anaandika yeye ukutani kwa chaki. Juzi nimeshinda gemu tisa mfululizo sijatoa hata mia, naondoka jamaa mmoja ananiambia mwachie dogo ya maji. Nikamjibu si analipwa na mwenye meza? Watu wakanyamaza wote, mpaka leo najisikia vibaya. Nilikosea? Na kama ni kumpa, ni ngapi, na nani anatoa, mshindi au aliyefungwa?
*Mchezaji, Sinza*

Marahaba mwanangu. Ndio, ulikosea, ila kosa lenyewe linarekebishika leo leo jioni.

Wewe unaona meza na baa unadhani mwenye mali ni mmoja, kumbe sehemu nyingi mwenye meza ni mwingine na mwenye baa ni mwingine. Siku ya hesabu mwenye meza anakuja na ufunguo wake, kisanduku kinafunguliwa, tokeni zinamwagwa juu ya kile kitambaa cha kijani, zinapangwa mafungu mafungu, fungu la mwenye meza, fungu la mwenye baa, afu kile kinachobaki pembeni ndo cha dogo. Wengi hawana mshahara wa mwezi, ni kulingana na gemu zilizochezwa, mvua ikinyesha wiki nzima na yeye amelala na njaa. Hesabu ikipungua anakatwa yeye. Na asubuhi hana biashara, mnakumbuka mwaka 2016 Rais Magufuli alivyowakemea vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi, na sehemu nyingi meza inaanza kuchangamka jioni tu, kwahiyo siku yake ya kazi ni masaa machache yale unayomkuta wewe.

Sasa angalia anachokifanya. Nilikaa siku moja Kinondoni nikimsubiri mtoto wa dada angu, nikamwangalia kijana wa meza anarekebisha fimbo. Ile ngozi ndogo ya kwenye ncha ilikuwa imeng'oka, akakwangua gundi ya zamani kwa wembe, akabandika mpya, akaikandamiza kwa kidole gumba akihesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, afu akaisugua na msasa taratibu mpaka ikawa duara safi. Dakika kama ishirini hivi. Akaja mtu akaichukua, akapiga mpira mweusi ukaingia, akashangilia, hakuna aliyemtazama yule kijana. Iliniuma sana. Bila ile ngozi fimbo ingeteleza na mpira mweusi usingeingia.

Kwahiyo anayetoa ni mshindi. Aliyefungwa ameshaweka mia tano yake, wewe umecheza gemu tisa bure, meza imekuburudisha masaa mawili na hujatoa kitu. Ukiwa unaondoka, sio kila gemu, mpe thamani ya gemu moja au mbili, yani sarafu ya mia tano au noti ya elfu moja, inatosha kabisa. Kama wewe ni wa kila siku na mfuko haukuruhusu, basi mpe mara moja kwa wiki, elfu mbili ya ijumaa, hata yeye atajua ijumaa yupo mtu. Mpe mkononi, usiirushe juu ya meza, na useme neno, "dogo asante, chukua ya maji", kwa jina lake kama unalijua, na kama hulijui na unacheza hapo kila siku muulize leo.

Kitu kimoja nakukataza. Usimpe kabla ili akupandishe jina kwenye foleni ya ukutani. Asante inatolewa kazi ikishafanyika, ukiitanguliza ili upendelewe hiyo inaitwa rushwa hata kama ni mia mbili, na utamgombanisha na wenzako wanaosubiri zamu.

"Nilikuwa na M-Pesa tu"

Shikamoo Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kisauni, Mombasa. Jumapili tulienda ufuo wa Pirates, watoto wakataka tyubu ya kuogelea nikawakodishia. Kifungua mimba wimbi likamsukuma ndani kidogo, nikapiga kelele, yule kijana wa matyubu akaingia majini na nguo zake akamvuta mtoto mpaka mchangani, akarudi kukaa kama hakuna jambo. Nilimwambia ahsante lakini sikuwa na pesa taslimu, na pale walikuwa na till tu, ile namba ya kulipia M-Pesa ya mwenye biashara. Nikaona haya, tukaenda zetu. Hadi sasa roho hainitulii.
*Mama wawili, Kisauni*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kule kushtuka, mshukuru Mungu kijana yule alikuwa macho.

Ukilipa kwenye till pesa inaingia kwa mwenye biashara, kijana haioni, na mwenyewe akifunga hesabu usiku atadhani ni mteja wa tyubu. Kwahiyo usiongeze asante juu ya bili ya till ukadhani umempa aliyekuhudumia. Muulize, "mwanangu, nambari yako ni ngapi?", mtumie pale pale ameshika simu mkononi aone meseji ikiingia. M-Pesa iko Kenya tangu mwaka 2007, sababu ya kukosa noti ndogo ndogo imeshaisha.

Kwa kukodi tyubu tu ungempa shilingi hamsini au mia za Kenya ingetosha, lakini huyu alikutolea mtoto majini. Rudi jumapili ijayo. Nenda na mtoto mwenyewe, aseme ahsante kwa mdomo wake, na wewe umpe kitu cha maana kwa uwezo wako, ikiwa ni elfu haya, ikiwa ni mia tano haya, na sahani ya biriani ukimfungia siku hiyo nakuhakikishia ataikumbuka. Usichelewe, hawa vijana wa pwani wanahama ufuo.

"Nimeacha chenji, wakanikasirikia"

Shangazi habari za siku. Niko Dallas, Texas, mwezi wa pili tangu nifike. Wenzangu wa kazini walinichukua tukacheze pool, sehemu kubwa, meza zinalipiwa kwa saa, kuna dada analeta vinywaji na chakula mpaka mezani. Zamu yangu ya kulipa bili ikaja dola 64, nikalipa 65 nikamwachia dola moja ya chenji, nikajua nimefanya vizuri. Mwenzangu akaniangalia, akatoa dola 12 mfukoni kwake akaziweka mezani kimya kimya. Njiani hakuna aliyesema neno. Nimewakosea nini?
*Mgeni, Dallas*

Nzuri mwanangu. Hujawakosea wenzako, umemkosea yule dada, na hukujua, kwahiyo usijilaumu sana, ila jifunze sasa maana huko hili jambo ni zito.

Huku kwetu asante ni hiari, ukitoa umetoa, usipotoa hakuna anayekufuata. Huko Marekani sheria ya nchi inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea tipu dola 2.13 tu kwa saa, na hicho kiwango hakijapanda tangu mwaka 1991, na Texas wanafuata hichohicho. Kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25, na tipu zisipotosha kufikia hapo mwajiri anatakiwa ajazie. Sasa piga hesabu mwenyewe, yule dada kodi ya nyumba analipa kwa ile ela mnayomwachia mezani, mshahara wenyewe hauna kitu. Dola moja kwenye bili ya 64 anaisoma kama umemwambia kazi yako mbovu. Sio majimbo yote, kule California kwa mfano mhudumu analipwa kima cha chini kamili kabla ya tipu, lakini hata huko watu wanatoa.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua bili, asilimia kumi ya 64 ni dola 6.40, zidisha mara mbili unapata 12.80, hiyo ndo asilimia ishirini, na mwenzako aliweka karibu na hapo. Kati ya asilimia 15 na 20 uko salama. Saa za meza na chakula vikiwa kwenye bili moja, wengi wanahesabia chakula na vinywaji alivyobeba mhudumu, ila kama kakimbia na nyinyi jioni nzima usiwe mtu wa kukata kata. Ukichukua kinywaji mwenyewe kaunta, acha dola moja kwa kila kinywaji. Kaka wa kukupa mipira na kuwasha taa ya meza hategemei kitu, ukimpa sawa.

Mrudishie mwenzako zile dola 12 kesho kazini. Na mkienda tena pale, ukimkuta yule dada mwachie vizuri, atakukumbuka.

"Anampa mhudumu elfu kumi kila ijumaa"

Shangazi mume wangu kila ijumaa anakunywa soda mbili na kuangalia pool hapa Morogoro, sio mlevi, lakini anampa mhudumu yuleyule elfu kumi. Nyumbani nikiomba ela ya madaftari ananiambia hali ngumu. Nikimuuliza anasema we hujui ustaarabu. Niende nikaongee na huyo dada?
*Mama watatu, Morogoro*

Usiende. Yule dada yuko kazini na hajakuibia. Mi mwenyewe nilipokuwa binti nilihudumu kwenye baa, naongea ninachokijua. Noti nilizokuwa naachiwa chini ya chupa zilikuwa zinalowa bia, nikifika chumbani nazitandaza juu ya kopo la maji ya moto zikauke, nanuka bia hadi vidole. Na kulikuwa na wanaume wanaotoa kubwa, afu wiki ya tatu wanaanza kukuuliza unatoka saa ngapi. Ile ela kubwa ilikuwa inanitia hofu, sikuifurahia hata siku moja. Nilizozifurahia ni zile ndogo ndogo za mzee mmoja fundi cherehani, kila siku sarafu zake na "asante binti", na anaondoka zake.

Kwenye taarab tunatunza, unanyanyuka mbele za watu na noti yako unamfuata mwimbaji, unacheza, kila mtu anaona, na huo ndio uzuri wake, ni furaha ya ukumbi mzima. Mhudumu wa soda hatunzwi hivyo. Soda mbili, asante yake ni mia tano, akizidisha sana elfu moja. Elfu kumi kila ijumaa kwa mtu mmoja wakati watoto hawana madaftari, huo sio ustaarabu na mwambie hivyo hivyo. Kaa nae alhamisi, sio ijumaa akishavaa, weka bei ya madaftari mezani kwa kalamu, na uzidishe elfu kumi mara nne ya mwezi mzima aone elfu arobaini imeandikwa. Muulize kwa upole anataka nini kwa yule binti. Usikilize jibu lake mpaka mwisho kabla hujasema kitu.

"Kopo linaingia nusu kwa meneja"

Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi sehemu ya starehe Mwanza, kuna pool, kuna bembea za watoto na jukwaa la muziki. Kaunta kuna kopo la tipu. Meneja analifungua mwenyewe ofisini, anachukua nusu anasema ni za sahani zinazovunjika, inayobaki tunagawana watu saba. Tukilalamika anasema mlango uko wazi. Tufanyeje?
*Mmoja wa saba, Mwanza*

Marahaba. Hili limenikasirisha kuliko mengine yote. Mteja akitia noti kwenye kopo hamlipii meneja sahani, anawashukuru nyinyi. Sahani ni gharama za biashara, zina fungu lake kwenye bei ya chakula ambayo mteja ameshailipa.

Usiende peke yako, nendeni wote saba, muda ambao hakuna wateja, na mseme kitu kimoja tu, kopo lifunguliwe mbele ya wote usiku wa jumapili baada ya kufunga. Msianze na ile nusu, itageuka ugomvi wa kuitana mwizi. Likishafunguliwa mbele ya macho kumi na manne kuikata inakuwa ngumu yenyewe. Nunueni daftari la mia tano, kila jumapili andikeni tarehe, jumla, fungu la kila mtu, na kila mtu asaini. Akikataa hata hilo, basi mteja akiuliza aweke wapi mwambieni ukweli, ampe mkononi aliyemhudumia, halafu nyinyi wenyewe ndio mkusanye mgawane.

Nyinyi wasomaji mnaoenda sehemu kama hizi, mkiona kopo muulizeni mhudumu kwa sauti ndogo, "hii mnaipata?" Akiangalia pembeni mpeni mkononi.

Na mkigawana, mwanangu, anzeni na mama wa jikoni. Yeye mteja hamuoni, hakuna atakayemfuata huko nyuma kwenye moshi kumpa ya soda.