Pima kwanza, ndipo uzime

Ukikabidhiwa funguo za chumba cha seva, yaani kompyuta za ofisi zinazowaka usiku na mchana, na unataka kupunguza bili ya umeme, anza kwa kutafuta mita ndogo ya umeme, ile inayochomekwa kwenye soketi, kifaa nacho kikachomekwa juu yake. Usitegemee wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Hicho ni kiwango cha juu ambacho kifaa kinaweza kuvuta.

Mimi nilianza na seva kuukuu iliyokaa chini kabisa ya raki, ile fremu ya chuma ya kupangia seva. Kila niliyemuuliza alinijibu, "Hiyo ya uhasibu, usiiguse." Nikaiacha kwenye mita wiki nzima. Saa nane mchana ilivuta wati 120, saa nane usiku wati 120. Mashine yenye kazi mzigo wake hupanda na kushuka. Hii ilikuwa imekaa tu. Piga hesabu: karibu uniti 86 za LUKU kila mwezi, kwa mfumo uliokwisha kuhamishwa. Juu ya hapo kuna kiyoyozi, maana kila wati inayoingia kwenye seva hutoka kama joto, na joto hilo lazima liondolewe kwa umeme mwingine.

Utasikia sana kuhusu PUE: umeme wote wa jengo ukigawanywa kwa umeme wa mitambo ya kompyuta. Vituo vya data vya Google hufikia wastani wa karibu 1.1. Ni kipimo kizuri cha upoozaji, lakini hakijui kama seva inafanya kazi ya maana. Ukizima mashine ya bure, uwiano unaweza hata kuonekana umeharibika huku bili ikishuka. Kwa hiyo angalia uniti zenyewe.

Kiyoyozi nacho, wengi hukiweka nyuzi 16. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye mitambo iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Weka kipimajoto mbele ya raki, ziba nafasi zilizo wazi kwenye raki, kisha pandisha nyuzi moja moja kwa siku kadhaa.

Na usizime kitu kwa pupa. Ile seva nilichukua kwanza nakala ya data, nikachomoa waya wa mtandao peke yake na kuuacha umeme. Nilifanya hivyo tarehe 20, ili mishahara na ufungaji wa hesabu za mwezi vipite. Vilipita bila simu hata moja. Tarehe 10 nikaizima.